Mama ana miaka 74 na kaunti inamdai 112,000: je, wazee husamehewa reti za ploti?

*Swali: Mama yangu ana miaka 74 na anaishi peke yake kwenye ploti ya futi 50 kwa 100 huku Nakuru, upande wa Lanet. Nyumba ni ya mawe, baba aliijenga kidogo kidogo. Nyuma kuna vyumba viwili vya mabati ambavyo mama hupangisha kwa 2,500 kila kimoja. Hana pensheni, ila hupokea 2,000 kwa mwezi za Inua Jamii, msaada wa serikali kwa wazee. Baba alifariki miaka tisa iliyopita, hati bado ina jina lake, na tangu hapo hakuna aliyelipa reti, ile kodi ya ploti inayolipwa kaunti. Mwezi uliopita ililetwa barua ya kaunti inayodai 112,000, reti na riba kwa pamoja. Risiti ya mwisho ya baba inaonyesha alikuwa akilipa 6,000 kwa mwaka. Dada yetu aliye Chicago anasema wazee hawalipi kodi ya nyumba, kwa hivyo mama asilipe. Kijana mmoja nje ya ofisi aliniambia nikimpa 20,000 atalifuta deni. Kitinda mimba wetu anasema atalipa yote, mradi hati iandikwe jina lake. Tuko watoto watano. Mama halali, anasema atakufa akiwa barabarani. Tufanye nini?*

Dada yangu, anza kwa kumtuliza mama. Mwambie hakuna mtu atakayekuja kesho kumtoa nyumbani. Barua ya madai si amri ya mahakama. Ili kaunti ifikie kuuza ploti ya mtu kwa sababu ya reti, ni lazima itoe notisi, iende mahakamani, mwenye ploti apewe nafasi ya kujibu, na uamuzi utolewe. Njia hiyo ni ndefu, na mama ana nafasi ya kusimama na kuzungumza karibu kila hatua. Kitu cha kuogopa kwa sasa ni riba, kwa sababu inakua usiku na mchana hata mama akiwa amelala.

Sasa swali lenyewe. Je, mzee wa Kenya husamehewa reti kwa sababu ya umri? Hapana, si moja kwa moja. Najua jibu hili linauma, na najua kwa nini wengi wanaamini vingine. Katiba, Kifungu cha 57, inasema wazee wana haki ya kuishi kwa heshima na kupata matunzo kutoka kwa familia na serikali, na mzee kwa mujibu wa Katiba ni mtu aliyefikisha miaka 60. Pensheni ya mstaafu haikatwi kodi ya mapato. Inua Jamii huwafikia wa miaka 70 na zaidi. Mtu akiyaweka haya matatu pamoja anaona ni jambo la kawaida kwamba reti nazo zimeondolewa. Lakini Katiba hiyohiyo, Kifungu cha 210, inasema kodi haiwezi kutozwa, kusamehewa wala kubadilishwa isipokuwa kwa sheria. Heshima ya Kifungu cha 57 haifuti ankara mpaka bunge la kaunti liandike sheria inayosema hivyo. Kwa hivyo hata gavana akisimama kwenye mkutano aseme wazee wote wasilipe, karani wa mapato hawezi kufuata maneno ya jukwaani. Anachofuata ni kilicho kwenye sheria.

Dada yenu wa Chicago hakusema uongo, ila amekata kona. Kule Illinois, mwenye nyumba aliyefikisha miaka 65 anaweza kupunguziwa thamani inayotozwa kodi. Mwenye kipato cha chini anaweza pia kuomba thamani ya nyumba yake igande pale ilipo, isipande pamoja na ya majirani. Angalia vizuri hapo: kinachoganda ni thamani, na kodi yenyewe inaweza bado kupanda kiwango kikipanda. Kuna pia mpango wa kuahirisha kodi, serikali ya jimbo ikilipa kwa niaba ya mzee, lakini huo ni mkopo wenye riba unaodaiwa nyumba ikiuzwa au mwenyewe akifariki. Hakuna hata kimoja kati ya hivi kinachokuja chenyewe kwa sababu mtu ana mvi. Mtu hujaza fomu, huthibitisha umri, na palipo na kikomo cha mapato huthibitisha mapato yake. Mwambieni dada kwa upendo kwamba mama yenu anatawaliwa na sheria za Kenya, na kwamba msaada mkubwa anaoweza kutoa ni mchango wake. Nitaufikia.

Kabla ya kugusa hizo 112,000, tutenganishe vitu viwili ambavyo watu huvichanganya kila siku. Kodi ya ardhi ya serikali kuu hulipwa Wizara ya Ardhi na mwenye ploti ya kukodisha, yaani ile yenye muda wa miaka 99 au kama hiyo. Reti hulipwa kaunti, na zinamhusu hata mwenye ardhi ya kudumu isiyo na kikomo cha miaka, mradi iko ndani ya eneo linalotozwa. Nimekutana na wazee waliolipa moja miaka nenda miaka rudi wakidhani wamemaliza zote mbili. Angalieni hati ya baba. Ikiwa ni ya muda, ulizeni pia upande wa wizara, msije mkafunga deni moja huku jingine likichemka.

Reti hukokotolewaje? Kaunti ina daftari la uthamini, ambamo kila ploti imeandikwa na thamani yake. Bunge la kaunti hupitisha kiwango, asilimia fulani ya thamani hiyo, na hesabu inayotoka ndiyo reti ya mwaka. Kuna pia njia nyingine, kama kutoza kwa ukubwa wa ploti. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba kwa miaka mingi miji ya Kenya imetoza thamani ya ardhi tupu, si jengo. Nyumba ya mawe ya baba, hata angeipandisha ghorofa, si yenyewe iliyoleta 6,000. Kilicholeta ni udongo uliopo chini na mahali ulipo. Ndiyo maana mama mwenye 2,000 za Inua Jamii anaweza kudaiwa sawa na tajiri wa ploti ya pili, na ndiyo maana mji ukikua mzigo wa mzee unakua ingawa mfuko wake haukui. Nakuru ilipata hadhi ya jiji tarehe 1 Desemba 2021. Ardhi ya pembezoni kama Lanet haitazamwi tena kama ilivyotazamwa baba alipokuwa akichimba msingi.

Fikiria: Inua Jamii ni 24,000 kwa mwaka. Reti ya 6,000 ni robo yake nzima. Mimi naona kaunti zinapaswa kuwa na kifungu cha wazee wa kipato cha chini wanaoishi kwenye nyumba zao wenyewe, na nitasema hivyo mahali popote nitakaposikilizwa. Lakini wewe unahitaji kinachowezekana wiki hii, kwa hivyo turudi kwenye barua.

Ikiwa reti ilibaki ileile, miaka tisa mara 6,000 ni 54,000. Kwenye 112,000, basi, 58,000 ni riba na adhabu. Zaidi ya nusu ya kinachomnyima mama usingizi si reti kabisa. Na hapo ndipo mlango ulipo, kwa sababu riba ndiyo sehemu ambayo kaunti husamehe mara nyingi zaidi. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, kifungu cha 159, inamruhusu waziri wa fedha wa kaunti kusamehe kodi au ada ya kaunti, mradi kuna sheria inayoidhinisha msamaha huo, na mradi hazina ya kaunti inaweka kumbukumbu ya wazi ya kila msamaha na sababu yake. Kwa maneno mengine, msamaha upo, lakini ni lazima uwe na sababu iliyoandikwa. Karani hawezi kuibuni sababu ya mama yako. Ni nyinyi mtakaomwandikia.

Nendeni kwanza mkaombe taarifa kamili ya ploti: reti ya kila mwaka, riba ya kila mwaka, na malipo yote yaliyopokelewa. Msikubali jumla peke yake. Linganisheni na risiti za baba, hata zile zilizokunjwa ndani ya Biblia au chini ya godoro. Mara nyingi malipo ya zamani, ya wakati wa baraza la manispaa, hayakuhamishwa vizuri kwenye kompyuta, na risiti moja ya karatasi huondoa deni la mwaka mzima pamoja na riba yake. Hakikisheni pia namba ya ploti ni ile ya kwenye hati, ukubwa ni sahihi, na matumizi yameandikwa makazi. Mtu akiona vyumba viwili vya mabati akaandika biashara, huenda kiwango kikawa kingine, na kosa hilo huendelea kuzaa mpaka lirekebishwe.

Kisha andikeni barua, ukurasa mmoja, kwa jina la mama. Itaje namba ya ploti, umri wake, kwamba ni mjane anayeishi hapo, kwamba mapato yake ni 2,000 za Inua Jamii na 5,000 za vyumba wapangaji wanapolipa. Msifiche hizo kodi za vyumba, maana zikigunduliwa baadaye barua yote itaonekana ya uongo. Ombi liwe wazi: asamehewe riba na adhabu, na aruhusiwe kulipa 54,000 kwa awamu. Ambatisheni nakala ya kitambulisho, cheti cha kifo cha baba, uthibitisho wa Inua Jamii, na barua ya chifu inayoeleza hali yake. Nakala yenu ipigwe muhuri wa kupokelewa, wenye tarehe. Bila muhuri, hamkuandika kitu.

Toeni pendekezo lenye namba, si kilio pekee. Watoto watano, kila mmoja 600 kwa mwezi, ni 3,000. Kwa miezi 18 ni 54,000 kamili. Dada wa Chicago akiamua kubeba zaidi ili yule asiye na kazi apumue, ni vyema. Afisa anayepokea barua yenye mpango wa aina hiyo ana kitu cha kupeleka kwa mkubwa wake. Na reti ya mwaka huu ilipwe kando, kwa wakati, bila kusubiri jibu. Kaunti nyingi hutaka malipo ya mwaka kabla ya mwisho wa Machi, kisha riba huanza. Mkilipa kwa awamu, ulizeni kwa maandishi pesa zinaingia wapi kwanza. Zikimezwa zote na riba, mtamaliza mwaka mkiwa mmesimama palepale.

Je, msubiri tangazo la msamaha wa jumla? Kaunti nyingi hutoa tangazo kama hilo mara kwa mara, la kufuta riba kwa anayelipa reti yenyewe ndani ya muda fulani. Ni nafuu ya kweli na nimeona familia zikiokoka nayo. Lakini kwa kawaida hufuta riba tu, huhitaji reti iwe imelipwa yote kabla ya tarehe ya mwisho, na hakuna anayejua litatoka lini. Kwa hivyo changeni sasa, mweke pesa mahali pamoja, iwe ni kwa chama au akaunti ya watu wawili. Tangazo likitoka mkiwa na 54,000 mkononi, mtamaliza kwa siku moja. Likitoka mkiwa mikono mitupu, litawapita kama lilivyowapita wengi.

Huyo kijana wa 20,000, tafadhali mkimbieni. Deni la reti haliandikwi kwa penseli likafutika. Limefungamana na ardhi yenyewe, na Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 inataka cheti cha kutodaiwa reti kabla ploti haijahamishwa jina. Risiti bandia itang'aa vizuri kwenye droo ya mama mpaka siku mtakapoomba cheti hicho, na siku hiyo 112,000 itakuwa imekua, 20,000 zimekwenda, na atakayeulizwa kuhusu karatasi ya uongo ni aliyeileta, yaani wewe. Lipeni kwa njia rasmi za kaunti tu, na siku chache baadaye hakikisheni malipo yameonekana kwenye taarifa ya ploti. Ujumbe wa M-Pesa peke yake si mwisho wa safari.

Kuhusu kitinda mimba, hapa naomba mnisikilize nyote watano. Kulipa reti hakumpi mtu umiliki. Mtu yeyote anaweza kulipia ploti yoyote kwa kutumia namba yake, jirani, mpangaji, hata mpita njia, na ardhi inabaki ya mwenyewe. Na kwa sasa hati haiwezi kuandikwa jina la mtoto wala la mama, kwa sababu mwenyewe amefariki na mirathi haijafunguliwa. Anayeuza, kuhamisha au kugawa mali ya marehemu bila idhini ya mahakama anaingilia mirathi, na hilo ni kosa la jinai.

Chini ya Sheria ya Urithi, baba akifariki bila wosia akaacha mke na watoto, mjane ana haki ya kuitumia mali iliyobaki maisha yake yote. Hawezi kuiuza peke yake, lakini pia hakuna mtoto wa kumwambia ahame. Njia ya kufungua mirathi huanza kwa chifu, anayeandika barua ya kuwataja warithi wote, kisha ombi mahakamani, ambalo hutangazwa kwenye Gazeti rasmi la serikali na kutoa siku 30 za pingamizi. Baadaye mahakama hutoa barua za usimamizi, na kwa kawaida baada ya miezi sita huthibitishwa. Mama ndiye wa kwanza kufikiriwa kuwa msimamizi. Najua familia nyingi huahirisha kwa sababu ya gharama na kwa sababu kutaja mirathi kunaonekana kama kumharakisha mzee kaburini. Lakini mkiyamaliza mama akiwa hai na akili zake timamu, yeye ndiye atakayesema baba alitaka nini. Mkisubiri, mtabaki watano mkibishana kuhusu maneno ambayo kila mmoja anayakumbuka kivyake.

Hivyo ofa ya ndugu yenu isikataliwe kwa ukali. Huenda nia ni njema. Apokewe kama anayechangia, kiasi chake kiandikwe, na katika mgao wa mirathi familia ikiona haki arudishiwe. Lakini kuiondoa ploti mikononi mwa mama ili kulipa 54,000 ni bei ambayo siwezi kuwashauri. Mtoto akiipata hati anaweza kuikopea benki, anaweza kuachana na mkewe ploti ikaingia kwenye mgogoro, anaweza kufa kabla ya mama. Wala msikimbilie kukata ploti muuze nusu. Futi 50 kwa 100 ikigawanywa hubaki vipande ambavyo ofisi ya mipango inaweza kuvikataa, na gharama za upimaji zinaweza kula sehemu kubwa ya deni mnalotaka kulipa.

Vyumba viwili viendelee kupangishwa. 60,000 kwa mwaka ni chini ya 288,000 kwa mwaka, ambapo kodi ya mapato ya nyumba za kupanga, inayokusanywa na KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, huanzia. Ila mjue kwamba sheria za reti kwa muda mrefu zimeruhusu kaunti kumgeukia mpangaji na kudai kodi anayolipa ielekezwe kwenye deni. Mpangaji akipewa notisi kama hiyo, ailete kwa mama mara moja, asiiogope wala kuitupa.

Ikiwa barua yenu haitajibiwa, msikae kimya. Kifungu cha 47 cha Katiba na Sheria ya Haki katika Utawala ya 2015 zinampa mama haki ya uamuzi wa haraka na sababu za maandishi akikataliwa. Pelekeni nakala yenye muhuri kwa mwakilishi wadi wenu, na baadaye kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile watu wanayoiita ombudsman. Na kila mwaka mswada wa fedha wa kaunti huletwa kwa wananchi kabla ya kupitishwa. Mikutano hiyo huwa na viti vingi vitupu. Mama na wazee wenzake wa kanisani wakienda, wakaomba kifungu cha kuwapunguzia reti wajane na wazee wasio na pensheni, maneno yao yataingia kwenye kumbukumbu. Daftari jipya la uthamini likitangazwa pia, kuna muda mfupi wa kupinga thamani iliyoandikwa. Usiwapite.

Kuna hali ambazo jibu langu halitoshi. Mkipokea samansi ya mahakama, siku za kujibu ni chache na zimeandikwa hapohapo juu, kwa hivyo nendeni kwa wakili siku hiyohiyo. Vilevile notisi ya dalali, hati ikikosekana, ploti ikionekana kwa jina la mtu msiyemjua, au nyinyi watano mkishindwa kukaa meza moja. Wakili akiwa nje ya uwezo wenu, ulizeni Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, iliyoundwa kwa sheria ya 2016 kwa ajili ya watu wasioweza kumudu wakili. Kwa ofisi ya mapato nendeni mapema asubuhi, mwanzoni mwa wiki, na mwende na mama mwenyewe ikiwa miguu inaruhusu. Aketi, awatazame, na barua aitie sahihi au dole gumba yeye mwenyewe mbele yao.